Mvua Juu ya Manjanja, Moyo Chini ya Sikio

Najua baadhi yenu mtasoma haya mkiwa mmeziba masikio yote mawili kwa vile vidude vya muziki. Toeni kimoja tu, wanangu. Kingine nawaachia, maana nami nilikuwa kijana, na redio ya baba yangu niliibeba mpaka mtoni nikienda kufua. Lakini sikio moja nalihitaji, kwa sababu kazi ninayotaka kuwasimulia ni kazi ya sikio.

Mimi ni mkunga. Nasema "ni" ingawa nimestaafu, maana blusi nyeupe ya kazi niliirudisha lakini ukunga sikuambiwa niurudishe. Hapa Bunia wananiita Mama Solange, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Nikipita sokoni siendi mbali kabla mtu hajanisukumia kijana mrefu mwenye ndevu na kuniambia, "Mama, huyu njo ule ulizalisha!" Kijana anaona haya, anatazama viatu vyake. Mimi namwambia kwamba siku ile alikuwa hana viatu wala kitu kingine chochote, basi wote tunacheka.

Na hebu niwaulize kitu kuhusu soko hilohilo. Wamotari wanapiga honi za pikipiki zao, mama wa makayabo, samaki wa chumvi, wanaita wateja, mashine ya kusaga inanguruma, mhubiri ameweka spika yake mbele ya duka la simu. Wewe hata unayeongea naye humsikii vizuri. Halafu mtu huko nyuma ya mafungu ya mihogo anaita jina lako mara moja, tena si kwa nguvu, na shingo yako inageuka yenyewe. Nani aliyekuambia? Sauti ile ilikuwa ndogo kuliko zote. Swali hili nililibeba miaka mingi ya kazi bila jibu, na jibu nililipata nimekaa jikoni kwangu nikichagua maharage. Nitafika huko.

Watu husema ukunga ni kazi ya mikono. Ni kweli, lakini nusu ni sikio. Mtoto akiwa bado tumboni hana namna ya kukuambia kama yuko salama, ila kwa moyo wake. Zamani hatukuwa na mashine. Tulikuwa na pembe ya mbao, nyembamba katikati, upande mmoja mpana wa kuweka juu ya tumbo, upande wa pili bapa wa kuweka sikio. Unainama, unaegemeza kichwa, unatafuta. Mwanzoni husikii kitu. Unasikia tumbo la mama linavyonguruma, unasikia kitanda, unasikia damu yako mwenyewe. Kisha, siku moja, unausikia moyo wenyewe. Ni kama mama anayetwanga sombe, majani ya mihogo, nyumba ya tatu kutoka kwako, lakini anatwanga kwa haraka, kama mtu ambaye wageni wamekwisha kufika mlangoni.

Aliyenifundisha ni Mama Véronique, mkunga mkuu wa maternite yetu, nyumba ya kuzalishia. Alikuwa mfupi, mnene, na sauti yake ilitosha kuwaamsha wagonjwa wa jengo la pili. Siku yangu ya kwanza kabisa aliniweka mbele ya mama mmoja kutoka Irumu, mtu mpole sana, akaniambia, "Sikia mutoto kwanza." Halafu akageuka kunawa mikono.

Mimi nikakamata pembe. Nikaiweka kushoto, nikaiweka kulia, nikaiweka karibu na kitovu, nikapanda juu, nikashuka chini. Nilitembeza pembe ile juu ya tumbo la watu kama mtu anayetafuta mtandao wa simu. Yule mama kutoka Irumu alivumilia, kisha akashindwa akaanza kucheka kwa kutekenywa. Mama Véronique akageuka.

"Weye, unafanya nini?"

"Ninamusikia mutoto, mama, vile ulisema."

"Nilisema umu*sikie*! Sikusema umu*sikilize*! Mikono yako iko wapi?"

Nyinyi mnaojua Kiswahili chetu cha hapa mmekwisha kuelewa, na kama hamjaelewa basi mko kama nilivyokuwa mimi. Kwetu neno hili linabeba mizigo mingi. Unasikia kelele, unasikia harufu ya samaki wa Kasenyi, unasikia baridi, unasikia njaa, unasikia Kifaransa. Mtoto mkaidi tunasema hasikii, na masikio anayo mawili tena makubwa. Mama Véronique aliposema "sikia", alitaka niguse. Nipapase tumbo kwa viganja vyote viwili, taratibu, nijue mgongo wa mtoto uko upande gani, maana mgongo ni mgumu na umenyooka, na upande wa pili kuna vitu vidogovidogo vinavyokupiga mateke. Nijue kichwa kiko wapi. Baada ya hapo ndipo pembe inakwenda moja kwa moja mahali pa mgongo, karibu na bega, kwani huko ndiko moyo unakosikika wazi.

Alinishika mikono akaiweka mwenyewe. "Umusikie na mikono," alisema, "na masikio itakuja tu kuhakikisha." Nikaweka pembe pale aliponionyesha, na mara ile ile nikapata mtwangaji wangu wa sombe. Nilifurahi hata nikainua kichwa kutangaza, na nilipoinua kichwa bila shaka nikampoteza. Mama kutoka Irumu akacheka tena.

Wakati huo nilidhani Mama Véronique alikuwa na mazoea yake tu. Wazee wa kazi wana mazoea mengi, mengine yana maana na mengine ni kwa sababu mwalimu wao alifanya hivyo. Alikuwa na lingine: kila aliposikiliza kwa pembe, vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vilishika kifundo cha mkono wa mama, pale mshipa unapodunda. Na pembe yenyewe haikushikwa. Ilisimama kati ya tumbo na sikio, basi. Ukiishika alikupiga kofi dogo la vidole.

Hilo la kutoshika pembe nililielewa siku ya Dieudonné. Dieudonné alikuwa muuguzi mwenzetu, mtu nadhifu, mwenye saa kubwa ya chuma aliyoletewa kutoka Uganda, na hakuna mtu Bunia nzima ambaye hakuonyeshwa saa ile. Siku moja akainama kusikiliza, pembe ameikamata kwa mkono wa saa. Akasikiliza kwa furaha. Akainuka akatangaza, "Moyo ya mutoto iko bien, inatembea régulier kabisa!" Mama Véronique akamtazama. Yule mwanamke alikuwa amekwisha kuzaa, mtoto alikuwa kwenye kitanda cha jirani akipiga miayo. Dieudonné alikuwa ametumwa kwa mama wa kitanda cha pili. Alisikiliza saa yake mwenyewe kwenye tumbo tupu, akaisifu. Tangu siku ile, mtoto yeyote mwenye moyo mzuri tulisema huyu ametoka Uganda.

Nacheka, lakini sikilizeni kilichofichika hapo. Dieudonné hakuwa kiziwi wala mjinga. Alikwenda akitarajia kusikia kitu kinachodunda kwa mpangilio, na kichwa chake kikamletea kitu kinachodunda kwa mpangilio. Sikio humletea mtu anachokitafuta, hata kama si chenyewe.

Sasa twende jikoni. Binti yangu Solange alisoma udaktari Kisangani, na mambo ya ubongo ndiyo yaliyomshika moyo. Alikuja likizo, tukakaa tukichagua maharage, nikamuuliza lile swali la sokoni. Nikamuuliza pia: mbona mimi na mwanafunzi tunainama juu ya tumbo moja, kelele ile ile, masikio yake ni ya kijana kuliko yangu, na mimi nausikia moyo, yeye anasikia mvua tu?

"Mama, sikio haina mulango," alisema. "Kila kitu inaingia: mvua, moto, kelele ya watu. Kazi ya kuchagua iko mu kichwa."

"Mu kichwa fasi gani?"

"Fasi mingi. Neurone haitumikaka moja moja. Inatumikaka ma-groupe."

Nikaacha maharage. Akanieleza polepole, na mimi nawaeleza nilivyoelewa. Ubongo umejaa seli za neva, niuroni, nyingi kupita hesabu ya mtu, na zile za kupokea sauti zimepangana kwa makundi. Kuna makundi yanayoitikia zaidi sauti nene, mengine sauti nyembamba, yamekaa kwa mfuatano. Sauti ikiingia, makundi yake yanaamka yanaanza kupiga. Basi sokoni yanaamka yote pamoja, ni fujo. Lakini mbele, nyuma ya paji la uso, kuna makundi mengine ambayo hayasikii chochote. Kazi yao ni kushika kile unachokitafuta. Hayo yanapeleka habari kwa yale ya sauti: leo tunamtaka huyu. Hapo kundi la sauti unayoitaka linaitikia kwa nguvu, na niuroni zake zinapiga pamoja, zinaelewana. Na kuna niuroni nyingine ambazo kazi yao ni kutuliza jirani zao, zinapunguza yale mengine. Kelele haifukuzwi. Inanyimwa nafasi.

"Ah," nikasema, "njo protokole."

Solange akacheka hadi maharage yakamwagika. Lakini fikirini harusi zetu. Watu wa protokole, wale vijana wenye kitambaa kifuani, hawawezi kufunga mlango, maana Bunia hakuna harusi ambayo mtu anafungiwa nje. Wote wanaingia. Lakini protokole wanajua nani anakaa mbele na nani anapelekwa nyuma karibu na masufuria. Na jina lako mwenyewe, sokoni, ni mgeni ambaye protokole wanamjua kwa sura. Hata wakiwa wanaongea mambo mengine, akitokea tu wanamwachia njia.

"Na ile ya kusikia kwanza na mikono?" nikamuuliza.

Akafikiri. Akasema hilo lina maana. Ukishajua sauti itatoka wapi na ni ya namna gani, makundi yanajiandaa kabla haijafika. Tena sauti ya kudunda ina faida yake: makundi yanaushika mdundo, na kabla pigo linalofuata halijafika yamekwisha kukaa tayari kulipokea. Ndiyo maana pigo la kwanza ni gumu kulipata, lakini ukilipata, yanayofuata yanakuja kama yamealikwa. Na mazoezi yanabadilisha makundi yenyewe, hata kitu ambacho mgeni hakisikii kabisa, kwa mzoefu kinasimama wazi. Kisha akaniambia, kwa haki, kwamba wanaochunguza mambo haya bado wanabishana juu ya mengi, nisiende kutangaza kanisani kama Injili.

Sikutangaza kanisani. Nilitangaza maternite. Niliwaambia wakunga vijana: fungeni macho mnaposikiliza, maana Solange anasema macho na masikio yanakula sahani moja, moja likishiba sana la pili linabaki na njaa. Umechoka, pumzika, kunywa chai. Makundi ya umakini yanachoka kabla ya miguu, na hayakuambii kama yamechoka, yanakuletea tu saa ya Dieudonné. Usiwakemee watu wakae kimya kwa hasira, kwani ukishakasirika unasikiliza hasira yako. Na usiinue kichwa kutangaza kabla hujamaliza.

Halafu mashine ikaja. Ni kitu kidogo cha kushika mkononi, unapaka mafuta yake juu ya tumbo, unaweka, na moyo wa mtoto unasikika chumba kizima, tuku-tuku-tuku. Msifikiri nitaisema vibaya. Niliipenda. Kwa mara ya kwanza mama mwenyewe alisikia alichokuwa amekibeba, na nimeona wanaume wagumu, wachimbaji wa dhahabu wenye mikono kama mizizi, wakilia kwa ile tuku-tuku. Ila mashine inapaza sauti ya kile inachokikuta. Kuchagua haichagui. Hilo linabaki kwako.

Sasa niwape habari ya Bernadette.

Bernadette alikuwa mchuuzi wa samaki kutoka Kasenyi, aliyeolewa hapa mjini. Mimba zake mbili za kwanza hazikufika nyumbani. Zote zilikwenda hadi mwisho, na zote alirudi na mikono mitupu. Hii ilikuwa ya tatu. Mume wake alikuwa Bambu kwenye dhahabu, simu haipiti, kwa hiyo aliyemleta ni mama mkwe wake, Mama Philomène. Nyinyi mmeshasikia kwamba sikio halilali na njaa. Karibu na Mama Philomène sikio lilikula mpaka likavimbiwa. Alijua ndoa za mtaa mzima na alizisimulia zote, anakaa pembeni ya kitanda, mkono mmoja unampapasa mkamwana mgongo, mdomo hausimami. Alimpenda binti yule, nilimwona. Alikuwa anaongea kwa sababu alikuwa anaogopa.

Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Mvua ikaanza. Nyinyi mnaijua mvua yetu ikishuka juu ya manjanja: bati lote linakuwa ngoma moja, na mtu akisema kitu unamwona midomo tu. Mwenzangu kijana, Espérance, mkunga mzuri ambaye leo anaongoza maternite ile, akaweka mashine juu ya tumbo la Bernadette. Akaongeza sauti hadi mwisho. Tukasubiri. Kisha, ndani ya mvua, tuku-tuku-tuku, haraka, nzuri, imara.

Mama Philomène akapiga makofi. "Iko muzima! Mutoto iko muzima! Mungu asifiwe!" Espérance akatabasamu. Bernadette akafumba macho, machozi yakamtoka pembeni.

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili, na vidole vyangu viwili vilikuwa kwenye kifundo cha mkono wa Bernadette. Sikuviweka kwa hekima yoyote. Niliviweka kwa sababu Mama Véronique alivizoesha, na vidole vyangu havikuwahi kuambiwa kwamba kuna mashine. Na chini ya vidole nilikuta mdundo ule ule. Tuku, tuku. Mashine ikipiga, mshipa unapiga. Pamoja kabisa.

Moyo wa mtoto hukimbia kuliko wa mama. Lakini mama mwenye uchungu, mwenye hofu ya kupoteza mara ya tatu, moyo wake nao hukimbia, hata ukadhani ni wa mtoto. Ile furaha yote chumbani ilikuwa ya moyo wa Bernadette mwenyewe. Wa mtoto hatukuwa tumeusikia.

Niliogopa, nawaambia kweli.  Nikamwambia Espérance kwa ishara azime mashine. Nikapapasa tumbo. Mgongo haukuwa tulipodhani. Mtoto alikuwa amegeuka, mgongo wake uko upande wa kulia, mbali na mashine. Nikachukua pembe, ile ya zamani, kwa kuwa nilitaka kitu kinachogusa sikio langu na kufungia nje mvua kidogo. Nikafumba macho. Mkono wa kushoto ukabaki kwenye mshipa, ili moyo wa mama niujue na niuweke kando. Kisha nikasubiri.

Mvua ilikuwa kubwa. Mama Philomène alikuwa ananiuliza kitu sikioni, akidhani sijasikia, akarudia. Mvua haikwenda popote, wala Mama Philomène. Lakini polepole walipelekwa nyuma, karibu na masufuria. Na mbele, peke yake, akaja mtwangaji. Tuk. Tuk. Alikuwa anatwanga kama mtu aliyechoka. Uchungu ulipokuja tumbo likakaza, akazidi kupunguza, na uchungu ulipokwisha hakurudi haraka kama inavyotakiwa.

Nikainuka. "Anaishi," nikamwambia Espérance, "lakini anachoka. Ita gari ya wagonjwa, anakwenda hospitali kubwa kupasuliwa."  Espérance alitoka mbio kwenye mvua ile ile.

Bernadette alinitazama, kisha akamtazama mama mkwe wake. Kwa kawaida ya nyumba ile, mume asipokuwepo, neno ni la mama. Na Mama Philomène alikuwa amesimama, uso umebadilika.

"Kupasuliwa ya nini? Mutoto iko muzima. Siye wote tumesikia!"

"Mama, ile haikuwa mutoto. Ile ni moyo ya Bernadette."

"Moyo ya mutu mukubwa inakimbiaka vile?"

"Ikiogopa, inakimbia."

"Hapana. Nimesikia na masikio yangu." Akakaa chini kitandani, kati yangu na Bernadette. "Mudogo wangu aliingia kupasuliwa, hakurudi. Uyu sitamutoa."

Sikumlaumu. Kama mimi ningekuwa nimezika mdogo wangu hivyo, na nimesikia ile tuku-tuku kwa masikio yangu mawili, ningekubali maneno ya mwanamke mmoja na kipande cha mbao? Kumpa pembe asikilize ilikuwa bure. Kichwa chake hakijazoea, angesikia mvua tu, na angesema mimi ni mwongo. Na muda ulikuwa unakwenda. Kila uchungu uliokuja ulimchosha mtoto zaidi, mimi najua, na sina sauti ya kushinda bati.

Nikawasha mashine. Nikaiweka pale pale pa mwanzo, ile tuku-tuku ikajaa chumba. Nikashika mkono wa Mama Philomène, nikachukua vidole vyake viwili, vidole vya mwanamke aliyelima maisha yake yote, nikaviweka kwenye kifundo cha mkono wa Bernadette. Nikakandamiza kidogo.

"Mama. Sikia."

Alinitazama kama nina wazimu. Kisha alinyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu afike, Mama Philomène alinyamaza. Niliona macho yake yakitoka kwangu, yakienda kwenye mashine, yakirudi kwenye vidole vyake. Midomo yake ikaanza kufuata mdundo bila sauti. Tuku, tuku, tuku.

"Ni moja," alisema.

"Ni moja, mama."

"Njo yake." Akamgeukia Bernadette. "Binti yangu, ile ni moyo yako."

Nikamuuliza Bernadette mwenyewe: "Unakubali twende?" Akaitikia kwa kichwa. Mama Philomène akasimama, akafungua kitenge cha pili alichojifunga kiunoni, akamfunika nacho kichwani kwa ajili ya mvua. "Muende naye," alisema. "Kwa bwana yake nitajibu miye."

Barabara mnaijua. Gari lilikwama mara moja kwenye tope karibu na soko, na wamotari wale wale ninaowalalamikia kila siku kwa honi zao waliacha abiria wao, wakaingia topeni na viatu, wakasukuma. Nilikuwa nyuma na Bernadette, nimemlaza ubavu wa kushoto, mkono kwenye tumbo. Hospitalini hawakuchelewa. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa, na mimi na Mama Philomène tukabaki kwenye benchi, tumelowa.  Ningependa aniambie ndoa ya mtu yeyote, hata ya jirani yangu, lakini hakusema neno.

Watoto wa wodi ya pili walikuwa wanalia, mmoja akiacha mwingine anaanza. Mara Mama Philomène akanishika goti. "Uyu," alisema, akionyesha mlango wa upasuaji. "Uyu anatoka huku." Mimi, mkunga, sikuwa nimetofautisha kitu. Muda mfupi baadaye mlango ukafunguliwa, daktari akatoka amevua kitambaa cha mdomo, akasema ni msichana, amechoka lakini analia vizuri, na mama yake yuko salama. Mama Philomène aliimba, na nadhani aliimba mpaka Kasenyi walisikia. Mimi nilikaa kwenye benchi nikalia kwa furaha, nikajifuta kwa kitenge chake.

Nilikwenda kuwaona kabla hawajaruhusiwa kurudi nyumbani. Wodi ilikuwa imejaa, kama kawaida: simu ya mtu inaimba, wawili wanagombana juu ya ndoo ya maji, Mama Philomène ameshapata wasikilizaji wapya vitanda vyote. Bernadette alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Mfagiaji akaangusha beseni la chuma kwenye saruji, sote tukaruka, mmoja akaita jina la Yesu. Bernadette hakutikisika. Mama mkwe akamwita, "Berna! Bugali inapoa!" Hakutikisika.

Kisha mtoto, aliyelazwa ubavuni pake ndani ya kitenge, akatoa kisauti. Hakikuwa hata kilio. Kilikuwa kama mtu anayefikiria kulia. Bernadette alikuwa amefungua macho kabla sauti haijaisha, na mkono wake ulikuwa umekwisha kumfikia.

"Weye ulikuwa umelala kama jiwe," nikamwambia. "Umesikiaje?"

Alimweka mtoto kifuani. Alinitazama kama hakuelewa ninachouliza, halafu akaelewa, na machozi yakamjaa.

"Mama Solange," alisema, "ni miye ananiita."